Jioni ya Washairi: Jinsi ya Kusikiliza, Kushiriki na Kulinda Utungo Wako

Na Mwandishi Wetu

Mzee alipoitwa na mfawidhi, hakuanza na shairi. Alisimama mbele ya kipaza sauti, akatoa salamu, akawatazama vijana waliokaa mkekani mbele yake, kila mmoja simu mkononi. Kisha akasema, "Wanangu, kabla sijaghani, naomba simu zishuke chini. Nikimaliza tutazungumza."

Baadhi yao walicheka, wengine wakanung'unika kidogo, lakini simu zilishuka. Mzee huyo, aliyefanya kazi ya ukuli bandarini Kilindini hadi alipostaafu, alighani beti 6 kwa sauti ya polepole huku akigonga bakora yake sakafuni kila mshororo ulipokamilika. Hakuwa na karatasi. Beti zote zilitoka kichwani.

Alipomaliza alieleza sababu ya ombi lake. Miaka michache iliyopita alighani shairi lake kwenye hafla ya jirani, na mtu akalirekodi. Muda si mrefu alilisikia likiimbwa harusini, mshororo wa mwisho ukiwa umebadilishwa, na aliyetajwa kuwa mtunzi alikuwa mtu mwingine kabisa. "Sikuwa na pa kwenda kulalamika," alisema. "Ningeenda kuonyesha nini? Kichwa changu?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Jioni za washairi, ambapo watunzi wa mtaani hukutana kughani tungo zao wenyewe, zinazidi kupendwa na vijana kwa wazee. Wakazi hutuuliza mambo mengi kuzihusu. Je, ni lazima uwe malenga ili upewe nafasi? Shairi lisilo na vina linakubalika? Ukirekodiwa, haki ni ya nani? Je, mshairi anaweza kuikosoa serikali yake mbele ya umma? Na mtaa wako ukitaka kuwa na jioni kama hiyo, uanzie wapi? Tutajibu maswali hayo moja baada ya jingine.

MVITA NA USHAIRI WAKE

Anayedhani kwamba jioni ya washairi ni jambo jipya lililoletwa na vijana wa mjini, amekosea. Hapa Mvita ushairi ulikuwa ukisemwa hadharani kabla ya kuwapo gazeti wala redio. Muyaka bin Haji, aliyeishi takribani kati ya mwaka 1776 na 1840, alitunga mashairi ya vita, mapenzi, njaa, biashara na utani. Wakati huo Mombasa ilikuwa chini ya Mazrui, na mvutano wao na Seyyid Said ulidumu hadi utawala wao ulipoanguka mwaka 1837. Muyaka aliusemea mji wake katika mvutano huo. Wataalamu humtaja kuwa ndiye aliyeutoa ushairi wa Kiswahili msikitini na kuupeleka sokoni, yaani kutoka kwenye mada za dini peke yake hadi kwenye mambo ya kila siku ya watu.

Lakini je, mashairi hayo yalitufikiaje? Muyaka hakuacha kitabu. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu kwa miaka mingi baada ya kifo chake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa hapa Mombasa, ndiye aliyezikusanya kwa wale waliozikumbuka, akishirikiana na mmishonari Mwingereza W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London, na diwani ya Muyaka ikachapishwa mwaka 1940 mjini Johannesburg, karne nzima baada ya mtunzi kufariki. Lau si Mwalimu Sikujua, huenda leo tungelijua jina la Muyaka tu, tusijue alisema nini.

Wanawake nao wamo katika historia hii. Mwaka 1858, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa mawaidha ambao unasomwa hadi leo. Utendi huo ulikuwa maneno ya mama aliyekuwa mgonjwa kwa mtoto wake wa kike. Ulidumu kwa sababu uliandikwa na kunakiliwa.

Karibu na wakati wetu, Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa diwani yake ya Malenga wa Mvita mwaka 1971. Tungo zake zilisikika pia katika taarabu, zikiimbwa na Mohamed Khamis Juma Bhalo. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alichapisha Sauti ya Dhiki mwaka 1973, naye tutamrudia hapo chini. Kwa hiyo kijana anayesimama leo mbele ya kipaza sauti akiwa na shairi lake, anaendeleza kazi iliyoanza zamani.

JIONI YENYEWE HUENDAJE?

Jioni nyingi za aina hii huanza baada ya swala ya Isha, watu wakiwa wamemaliza shughuli. Mahali panaweza kuwa baraza ya nyumba, ukumbi wa jamii, ua wa shule au maktaba. Kahawa ya tangawizi huwa tayari kwenye dele, na mara nyingi kuna kaimati au kashata. Kiingilio huwa hakuna.

Mfawidhi hufungua, huandika majina ya wanaotaka kughani na kupanga zamu. Kwa kawaida kila mtunzi hupewa dakika 5 hadi 7. Mfawidhi mzuri huchanganya: mzee, kijana, mwanamke, mwanafunzi, kisha mzee tena. Hapo hakuna anayehisi kwamba kikao ni cha wengine.

Sharti kuu ni moja: utungo uwe wako. Ukitaka kughani shairi la mtu mwingine, mtaje mwenyewe kabla hujaanza. Wasikilizaji nao wana kazi yao. Mshororo ukiwapendeza huitikia, na kibwagizo kikirudiwa hukipokea pamoja na mtunzi. Baadhi ya jioni huwa na majibizano, ambapo mshairi mmoja hutoa fumbo au hoja na mwenzake hulijibu kwa vina vilevile. Majibizano yana adabu yake: unalijibu neno, humtukani aliyelisema.

Huhitaji cheti wala jina la umalenga ili usimame. Katika jioni tuliyohudhuria walikuwapo dereva wa tuktuk, muuguzi, mama anayeuza viazi karai na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wote walisikilizwa sawa na yule mzee wa bandarini.

JINSI YA KUSIKILIZA SHAIRI

Wakazi wengine husema hawaendi kwa sababu "hawaelewi ushairi." Mambo machache yanatosha kukufungulia mlango. Tumetunga ubeti huu hapa ofisini ili tuutumie kama mfano:

Karibuni barazani, jioni sote twakuja,
Kahawa i vikombeni, haraka haina haja,
Lililomo kifuani, lisemwe moja kwa moja,
Tulitie kitabuni, lisipotee na mja.

Huo ni ubeti wa shairi la tarbia, yaani lenye mishororo 4 katika kila ubeti. Kila mshororo umegawanyika vipande viwili. Cha kwanza huitwa ukwapi na cha pili utao. Ukisikiliza mwisho wa kila ukwapi utasikia "ni", na mwisho wa kila utao utasikia "ja". Hivyo ndivyo vina, kina cha kati na kina cha mwisho.

Sasa hesabu silabi. Ka-ri-bu-ni-ba-ra-za-ni: ni 8. Ji-o-ni-so-te-twa-ku-ja: ni 8 pia. Hiyo ndiyo mizani. Kila mshororo una mizani 16, na ukiongeza au kupunguza silabi moja sikio la mzoefu hushtuka mara moja, kama mtu anayekosea hatua ngomani. Neno "mja" huhesabiwa mizani 2, kwa kuwa "m" hutamkwa peke yake.

Utenzi, ambao wengine huuita utendi, ni tofauti. Mishororo yake ni mifupi, kwa kawaida mizani 8 kila mmoja. Mishororo 3 ya kwanza hukubaliana kwa kina, na wa 4 hubeba kina kimoja kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana utenzi hufaa kwa hadithi ndefu na mawaidha: kina hicho ni kama kamba inayomshika msikilizaji mkono asipotee njiani.

Vipi kuhusu mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani? Mjadala wake ulipamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi wa Tanzania kuchapisha Kichomi mwaka 1974. Wanamapokeo walisema utungo usio na vina na mizani si shairi. Wanamabadiliko walisema shairi ni fikra na hisia, si hesabu ya silabi. Mjadala huo haujaisha, lakini jioni za washairi zimepata njia ya kuishi nao: kila mtu anaghani kwa mtindo wake, na wasikilizaji wanaamua. Wanafunzi wanaojiandaa kwa karatasi ya fasihi katika mtihani wa KCSE watafaidika kwa kusikia mitindo yote miwili ikighaniwa na watu hai, si kuisoma kitabuni tu.

Jambo jingine ni lahaja. Usishangae kusikia "ndia" badala ya njia, "ndoo" badala ya njoo, au "mato" badala ya macho. Hicho ni Kimvita. Mtunzi hutumia lahaja kwa sababu ndiyo lugha aliyolelewa nayo, na mara nyingi pia kwa sababu kina kinamtaka afanye hivyo.

SHAIRI LA KICHWANI NA SHAIRI LA KITABUNI

Turudi kwa swali la mzee wetu: "Ningeenda kuonyesha nini?"

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi za fasihi, na shairi ni mojawapo. Ulinzi huo huanza wenyewe bila wewe kulipa chochote, lakini kuna masharti mawili. La kwanza, kazi iwe imetokana na juhudi yako mwenyewe. La pili, iwe imetiwa katika umbo la kuonekana au kusikika tena, yaani imeandikwa au imerekodiwa. Shairi lililo kichwani tu halijatimiza sharti hili la pili. Hapo ndipo mzee alipokwama.

Ukishaliandika, haki ni yako katika maisha yako yote, na baada ya kufariki familia yako huendelea kuwa nayo kwa miaka 50. Mtu akitaka kulichapa, kulitafsiri, kulitoa kwenye rekodi au kulitangaza, anahitaji idhini yako. Una haki pia ya kutajwa kuwa mtunzi, na ya kupinga utungo wako ukipotoshwa kwa namna ya kukuvunjia heshima. Mshororo wa mwisho uliobadilishwa harusini ni suala la aina hiyo.

Anayeghani naye ana haki zake kama mtumbuizaji. Kumrekodi mtu akighani na kisha kuisambaza rekodi hiyo kunahitaji ruhusa yake. Kuwa na simu mkononi hakukupi ruhusa. Mwenye kurekodi anaweza kuwa na haki juu ya ile rekodi aliyoitengeneza, lakini hilo halimfanyi kuwa mtunzi wa shairi lililomo ndani yake.

Ufanye nini basi?

1. Andika. Daftari la shilingi chache linatosha. Andika shairi zima, jina lako kamili na tarehe. Kama huwezi kuandika, mwombe mtu unayemwamini akuandikie nawe umsomee, kisha akusomee ulichosema ili urekebishe.

2. Weka nakala mbili mahali tofauti. Daftari moja likinyeshewa au kuliwa na mchwa, jingine libaki.

3. Ukipenda, sajili. Halmashauri ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi za watunzi, na maombi hufanywa kupitia mtandao. Usajili ni hiari, na haki yako ipo hata bila huo. Lakini cheti hurahisisha kazi ya kuthibitisha pale mzozo unapotokea.

4. Kubaliana mapema. Ukialikwa kughani, muulize mwandaaji kama kutakuwa na kurekodi, rekodi itapelekwa wapi, na jina lako litatajwaje. Makubaliano ya maandishi, hata ya mistari mitatu, ni bora kuliko ahadi ya mdomo.

Tungo za kale zisizojulikana mtunzi, kama nyimbo za kazi, za unyago au za kubembeleza watoto, zina sheria yake. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inazitambua kuwa mali ya jamii husika, na inazipa serikali za kaunti jukumu la usajili wa awali wa mali hiyo. Ukiwa na bibi au babu anayezijua nyimbo hizo, familia isingoje. Kaeni naye, ziandikeni, na mzitaje kuwa ni za jamii gani.

JE, MSHAIRI ANAWEZA KUKOSOA?

Katika jioni hiyo tuliyohudhuria, msichana mmoja alighani shairi kuhusu jaa la taka lililo karibu na shule ya watoto mtaani kwao. Katika kibwagizo chake aliwauliza wahusika wako wapi. Aliporudia kibwagizo mara ya pili, watu kadhaa waligeuka kututazama sisi wa Kaunti tuliokaa safu ya nyuma. Baada ya kikao alikuja mama yake, akatuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu hatapata matatizo?"

Jibu tulilompa ndilo tunalowapa wasomaji wote: hapana. Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na kinautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kuuliza kwa nini taka hazijazolewa ni haki ya mkazi, iwe kwa barua au kwa vina na mizani.

Hofu ya mama huyo haikuanza leo. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, Kenya: Twendapi? Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga akiwa gerezani, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Mwaka 1974, diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Wazee wetu wanakumbuka nyakati hizo, na ndiyo maana wengine bado huzungumza kwa kunong'ona. Katiba ya sasa iliandikwa ili mambo kama hayo yasirudi.

Uhuru huo una mipaka, na ni vyema mtunzi aijue. Katiba hailindi uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala propaganda za vita. Ni lazima pia kuheshimu haki na sifa za watu wengine. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumharibia mtu jina hakupaswi kuwa kosa la jinai, lakini aliyesingiziwa bado anaweza kukushtaki kwa kesi ya madai. Kwa hiyo mshairi anaweza kusema kwamba taka zimejaa, kwa sababu kila mtu anaziona. Kusema kwamba mtu fulani, kwa jina lake, ameiba fedha za kuzoa taka ni dai linalohitaji ushahidi.

Tuongeze jambo moja ambalo wengi hawalijui. Shairi likishatikisa ukumbi, bado malalamiko yenyewe hayajafika ofisini. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mkazi haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali yake ya kaunti. Andika jambo lako kwa ufupi: tatizo ni nini, liko wapi, limeanza lini, unataka lifanyiwe nini. Lipeleke ofisini ukiwa na nakala ya pili ili nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Yule msichana tulimweleza hivyo. Aliondoka na karatasi mbili: moja ya shairi, moja ya ombi.

MTAA WAKO UKITAKA JIONI YAKE

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, shughuli za kitamaduni, burudani za umma, maktaba na makavazi ya kaunti ni kazi za serikali ya kaunti. Kwa hiyo mkazi anayeomba jioni ya washairi haombi hisani. Anaomba huduma iliyo katika orodha ya kazi zetu. Hatua ni hizi.

Anza na watu. Washairi 5 na wasikilizaji 20 wanatosha kwa mara ya kwanza. Kubalianeni siku, saa na mfawidhi.

Tafuta mahali. Ukumbi wa jamii na viwanja vya kaunti huombwa kwa barua kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi. Shule na misikiti au makanisa yenye kumbi, ongeeni na wasimamizi wake. Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, si Kaunti, kwa hiyo ruhusa yake huombwa kwao.

Angalia kelele. Baraza ya watu 30 haihitaji spika kubwa. Mkitumia vipaza sauti usiku, kumbukeni kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009, na ulizeni ofisi ya mazingira kuhusu kibali mapema. Mkipiga muziki uliorekodiwa, watunzi wa muziki huo nao wana haki zao, na leseni huhitajika.

Wakumbukeni wote. Pahali pawe na njia ya kiti cha magurudumu. Akina mama wapewe muda unaowafaa, maana si kila mmoja anaweza kubaki nje hadi saa nne za usiku. Baadhi ya mitaa huanza alasiri kwa sababu hiyo. Tungo za Kigiriama, Kidigo na lugha nyingine za wakazi zikaribishwe, pamoja na Lugha ya Ishara ya Kenya. Katiba inaitaka Serikali kuzikuza lugha hizi zote, sambamba na Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi.

Chagueni siku yenye maana. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Ni siku nzuri ya kuanzia.

Kama mnataka jioni hizo zitengewe fedha za umma, basi wakati wa kusema si siku moja kabla ya hafla. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo kuna vikao vya ushirikishwaji wa umma. Hapo ndipo pa kusimama na kusema: wadi yetu inataka viti, taa ya uani, vitabu vya ushairi katika maktaba, au posho ndogo ya nauli kwa watunzi wazee. Tuseme ukweli: bajeti ina mahitaji mengi, na dawa na barabara huja mbele. Lakini jambo ambalo halikusemwa kikaoni haliwezi hata kufikiriwa.

MWISHO WA JIONI

Watu walipokuwa wakitawanyika, yule mwanafunzi wa kidato cha tatu alimwendea mzee, akamwamkia, akamwuliza kwa adabu kama angemruhusu kuandika shairi lake. Si kwa simu, kwa kalamu. Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akavuta kiti.

Akataja ubeti wa kwanza, msichana akaandika. Akataja wa pili. Msichana akamsomea alichoandika, na mzee akainua kidole. "Mwanangu, umeandika macho. Ukiandika macho umenivunjia kina. Mimi nimesema mato." Msichana akakata, akaandika mato, akasoma tena. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Zilipokamilika beti 6, msichana aliandika juu ya ukurasa jina la mzee na tarehe ya siku hiyo, akamkabidhi daftari aone. Mzee hakuwa na miwani, lakini alilishika kwa muda mrefu. Alituambia ana mashairi mengine kama 40 kichwani. Wamekubaliana kukutana kila Jumamosi alasiri mpaka yaishe.

Katika mtaa wako pia yuko mzee wa aina hiyo, au bibi. Unamjua. Mchukulie daftari.